Muda wa Kuaga Hauhesabiwi

Jana usingizi ulinichukua bila hodi, ukanishusha Nuvaki, uwanja mdogo wa ndege huko kaskazini kabisa, ambako ardhi ni nyeupe na jua halizami. Nikamkuta mama yangu amekaa juu ya mizani ya mizigo, kajitanda kanga. Sikushangaa, ingawa mama amelazwa hospitali Tanga, siku ya tatu hajitambui, na maishani mwake hata lifti anaiogopa.

"Shikamoo, mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba, baba. Naenda Ataluki."

"Kilomita mia tano kwa mstari mnyoofu," mizani ikasema, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Mstari wenyewe ulikuwa umelazwa nje juu ya barafu, mweusi, kuanzia mlangoni mpaka macho yakachoka.

"Ni safari ya muda gani?"

"Saa moja. Muda wa kuaga hauhesabiwi. Ndege haiondoki mpaka mmalize kuagana," mizani ikajibu.

Nikafurahi, sifichi. Watu wa baridi hawatujui. Kwetu mtu huaga amekaa, akaaga amesimama, akaaga mlangoni, kisha akasindikizwa mpaka njia panda, na huko ndiko mazungumzo yanakoanza.

Basi naanza. Namuuliza habari za shangazi, za kuku, za jirani aliyehama. Namtuma salamu, namwomba dua. Ghafla tuko nyumbani kwetu, theluji imejaa ndani ya kinu, na ndege imeegeshwa uani katikati ya nguo zilizoanikwa, inasubiri kwa adabu. Abiria wanatutazama madirishani. Hakuna hata mmoja anayepepesa macho.

"Mwanangu, unakaribia kumaliza?" mama ananiuliza.

"Bado, mama. Sijakuuliza habari za mnazi."

"Mnazi upo. Miguu inaniganda."

Ndege inakohoa. "Bwana, sisi hatuna haraka," inasema. "Anayeganda ni yeye."

Nikaingiwa na hofu. Lililobaki lilikuwa neno moja tu, kwaheri ya kuonana, na lilikuwa limeshanifika kooni. Nikalimeza. Nikamuuliza mama habari za paka wetu, aliyekufa mwaka juzi.

Kabla hajajibu, simu ikaniamsha. Kumekucha. Alikuwa dada yangu Mwanahamisi, anayemuuguza mama.

"Bado yupo," akasema. "Daktari mwenyewe haelewi. Lakini kaka Sudi, miguu yake ni barafu tupu. Tumemfunika mablanketi yote ya wodini, haipati joto."

"Hajasema kitu?"

"Amefumbua macho sasa hivi, mara moja tu. Ati, 'Mwambieni Sudi paka hajambo.' Paka gani, kaka? Si alikufa yule?"

Nilimwomba amwekee mama simu sikioni, na kilio kikanitoka kabla sijatamka lile neno moja.