Picha Kutoka Gede

Philister aliuza nyanya zake soko la Kangemi Jumamosi nzima bila kujua anauzia nani, maana macho yalikuwa kwenye simu. Mwalimu Ndeti alikuwa amewapeleka wanafunzi wa gredi ya nane Gede, kwenye magofu ya pwani, na kila baada ya dakika chache alituma picha kwenye kundi la wazazi. Mwalimu gani huyu, jamani, hachoki!

Kwenye kundi hilo alikuwemo Were, mume wa Philister. Na nani alimwingiza? Philister mwenyewe, halafu akasahau.

Were alikuwa amekataa katakata binti yao Ivyne asiende safari hiyo. Mamake alizikwa wiki mbili zilizopita, ukoo haujanyoa nywele za kumaliza matanga, na kwao asiyenyolewa haendi kwenye makaburi ya watu wengine. Gede kuna makaburi. "Ivyne haendi," alisema, yakaisha. Lakini msichana alilia siku tatu, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Philister akatia sahihi fomu ya safari kisirisiri, akamwambia Were kuwa mtoto yuko kwa shangazi yake, mtaa wa Satellite. Ivyne naye akamuaga babake kwa uongo huo huo, bila kupepesa macho.

Picha ya basi, Ivyne hayumo. Ya msikiti wa kale, hayumo. Philister akaanza kupumua. Ya tatu ilipoingia, alimwona Ivyne. Kabla hajaifunga, simu ililia. Were, kutoka kwa lindo lake Upper Hill.

"Baba Ivyne, haki nilikuwa nataka kukuambia..."

"Umeiangalia vizuri?"

Akaiangalia. Watoto walijipanga kando ya kaburi wakicheka. Ivyne alikuwa mbali, nje ya ukuta, peke yake. Chini mwalimu aliandika: "Ivyne amekataa kuingia. Amesema kwao msiba haujaisha."

"Ni wewe ulimwambia asiingie?" Were aliuliza.

Philister alitamani sana kusema ndiyo. "Hapana."

"Mimi pia sikumfunza. Nilisema tu haendi." Sauti ya Were ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi. "Kumheshimu nyanyake amejua mwenyewe. Na kunidanganya macho makavu, Mama Ivyne, amefunzwa na nani?"

Were akakata simu.