Kisutu cha Shangazi Chausiku na Ndege ya Pangaboi

Mwaka ule mpunga wetu wa Kerege ulikuwa umeanza kuiva, na sote tulikuwa hoi. Alfajiri kuamia chiriku wasile mpunga, jioni kuamia chiriku. Shangazi yangu Chausiku, dada wa baba, alikuwa ameachwa na mumewe, hana wa kumpokea shambani ila mimi. Ndipo Jumbe Mwinshehe akapita nyumba kwa nyumba: Mzungu mpima ardhi anakuja kwa helikopta, ile tuliyoiita ndege ya pangaboi. Itatua kiwanja cha mpira, watu wote wafike.

"Mgeni hashuki akakanyaga vumbi," alisema. "Tandikeni kanga kama mnavyomtandikia bibi harusi, tangu pale itakapotua mpaka barazani kwangu."

Kwetu hilo si jambo la kuuliza. Mgeni wa heshima hutandikiwa. Tukatandika, tukaweka vijiwe kwenye pembe. Shangazi akaleta kisutu, kanga yake ya harusi, bado hata kupindwa hakijapindwa.

Bi Sihaba, jirani yetu, akamcheka. "Mumeo mwenyewe hakukikanyaga hicho, leo unamtandikia Mzungu?"

"Huyu akiondoka angalau nitamsikia," shangazi akamjibu.

Tukangoja juani mpaka njaa yenyewe ikachoka. Ndege ikaja ikitokea upande wa bahari, upepo uko mgongoni mwake. Kila ilivyoshuka ndivyo nayo ilivyotoa upepo wake. Vijiwe vikaruka vikatupiga miguuni. Kanga zikanyanyuka, watu wakarudi nyuma wamefumba macho kwa mchanga. Kisutu cha shangazi kikapanda juu, kikavutwa kwenye pangaboi dogo la mkiani, kikajiviringa humo. Ndege ilikuwa karibu kugusa chini. Ikazunguka kama pia, ikalala ubavu, panga zake zikavunjika zikichimba uwanja. Rubani alitolewa mkono umevunjika. Mpima ardhi alikuwa na mikwaruzo tu. Kwetu sisi hakuumia mtu.

Baada ya siku chache akaja Mzungu wa uchunguzi pamoja na karani wa kumtafsiria, Sadallah, mtu wa Bagamoyo mjini. Wakakaa barazani kwa Jumbe, wakauliza, wakarudia kuuliza yale yale. Kipande cha kisutu kilichotolewa mkiani kiliwekwa juu ya meza, na kila mtu alijua ni cha nani.

"Wanawake wana mambo yao," Jumbe akasema. Hakututazama.

Sadallah akamgeukia shangazi. "Bibi, itabidi twende bomani, ukaeleze huko."

"Nitakaa sana?"

"Sijui, bibi. Wengine hukaa mpaka wakasahaulika."

Shangazi akaketi chini. Mimi peke yangu nisingeliweza shamba lile. Chiriku wangeumaliza mpunga, na mpunga ule ndio uliokuwa chakula chetu cha mwaka.

"Mwambie," akasema taratibu, "nilitandika, sikatai. Niliambiwa mgeni anakuja. Sikuambiwa kuwa anakuja na upepo wake. Kama wao walijua, mbona hawakutuma neno?"

Sadallah akatafsiri. Mzungu akauliza ni nani aliyepewa habari za ndege, na aliambiwa nini hasa.

Bi Sihaba akapiga mwayo. "Mwinshehe, sema, baba. Mwenzio ana mpunga shambani."

Jumbe akavua kofia, akajifuta jasho. "Niliambiwa nifyeke uwanja, niweke alama nyeupe. Basi. Ya upepo sikuambiwa. Kanga niliamuru mimi, niliona aibu mgeni akanyage vumbi. Rubani naye ana kosa lake, alishuka upepo uko mgongoni, watu waliona. Lakini la kanga ni langu."

"Basi utakwenda wewe," Sadallah akamwambia, baada ya kumtafsiria Mzungu.

"Nitakwenda. Niacheni niswali alasiri kwanza."

Shangazi akainuka kwa kushika ukuta. Tukashika njia ya shamba, maana jua lilikuwa limeshapinda.

Jumbe alirudi baada ya mavuno, naye si jumbe tena. Shangazi akampelekea pishi ya mchele mpya. Akaipokea kwa mikono miwili, wakaulizana hali, wakaulizana habari za nyumbani. Habari ya ndege hakuna aliyeitaja.