Neno la Awamu ya Nane

Kama kuna namba ambayo Verlon Desormeaux aliichukia duniani, ni nne. Cade Robichaux, mtoto wa jirani yake, alipomaliza sekondari, wataalamu wa besiboli walimweka wa nne kati ya warushaji wote wa rika lake nchini. Nchi nzima! Tate, mtoto wa Verlon mwenyewe, hakuwekwa popote. Verlon aliipekua orodha ile kwenye simu mpaka kidole kikamchoka, akafika chini kabisa, kwa watoto ambao hata mama zao hawakuwatarajia, na jina la Desormeaux hakuliona.

Kilichomkera zaidi ni kwamba Cade alijifunzia kurusha uani kwa Verlon. Verlon ndiye aliyemshika vidole akamwonyesha namna ya kuufanya mpira upinde njiani. Leo Russell Robichaux, baba wa kijana, anatembea mji mzima wa Breaux Bridge kifua mbele, kana kwamba mkono ule aliuchonga yeye.

Vijana wote wawili waliingia Chuo cha Pellerin. Cade alifuatwa na kocha nyumbani, akasomeshwa bure. Tate aliomba majaribio, akapewa benchi. Kundi la wachezaji wapya la mwaka ule likatangazwa la sita kwa vipaji kati ya vyuo vyote, na magazeti ya Louisiana yakaanza kuandika habari za ubingwa kabla vijana hawajafungua mabegi.

Ubingwa ukaota mbawa. Mwaka wa kwanza walifungwa, wa pili wakafungwa zaidi, na huu wa tatu walikuwa wakichechemea tu. Verlon alifurahi, wala hakuona haya. Kila Pellerin ilipochapwa, kesho yake aliwahi mgahawani kuliko mtu yeyote, akaagiza kahawa na soseji ya wali, akamsubiri Russell.

"Vipi, baba wa namba nne? Wale wa sita kwa vipaji walikuwa wapi jana?"

"Mchezo ndivyo ulivyo, Verlon," Russell alijibu huku akicheka. Kicheko hicho kilimchoma Verlon kuliko tusi.

Nadine, mke wa Verlon, alikuwa amechoka naye. "Unashangilia timu ifungwe, na mwanao yumo humo humo. Una akili kweli wewe?"

"Nashangilia ukweli ujulikane."

"Ukweli gani? Una donge, mume wangu. Sema tu una donge."

Alikuwa nalo, na alikuwa amelilea miaka mitatu.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya msimu. Pellerin wakishinda, wanaingia mashindano ya kanda. Wakifungwa, wanarudisha jezi. Mlinzi wa uwanja wa kati, mdakaji wa mipira ya mbali, alikuwa ameumia bega, na Tate ndiye aliyeshika nafasi yake. Asubuhi alimpigia baba yake simu.

"Baba, kocha kaniambia mwakani hana nafasi yangu. Tukifungwa leo ndiyo basi, nimemaliza besiboli. Utakuja lakini?"

"Nisije niende wapi? Nyanyua glavu, utaniona."

Hiyo ilikuwa desturi yao tangu Tate akiwa mdogo. Akidaka mpira mgumu, ananyanyua glavu kuelekea jukwaani. Baba anasimama, anavua kofia. Verlon alikwenda uwanjani akimwombea mwanawe kwa moyo mweupe, mpaka alipomwona Russell amekaa safu ya mbele, watu wanapanga foleni kumpa mkono.

Cade alikuwa moto siku hiyo. Awamu zilipita, wapigaji walikuja na magongo yao na kurudi vichwa chini. Kufikia awamu ya nane kati ya tisa, Pellerin walikuwa mbele moja bila, na hakuna mpinzani aliyekuwa ameupiga mpira wake akafika kituo salama. Mrushaji anaweza kuzeeka bila kuipata siku kama hiyo. Na ikinukia, watu wa besiboli hawaitaji kwa mdomo. Ukiitaja umeitia nuksi. Wenzake walikuwa wamemhama Cade katika banda la timu, akakaa peke yake mwisho wa benchi kama mwenye ndui. Jukwaani Russell hakuthubutu kukunjua mguu aliokuwa ameukunja, na Nadine alikuwa ameacha kutafuna mbegu zake za alizeti, shavu limemvimba.

Verlon aliitazama shingo ya Russell. Aliona kesho mgahawani, aliona kile kicheko. Namba nne ingekuwa nne kweli, na wataalamu wangekuwa wamesema kweli tangu mwanzo, kuhusu Cade na kuhusu Tate pia. Donge likampanda. Akasimama, akatoa ile sauti yake ya kuwaitia madereva wa matrekta ng'ambo ya shamba la miwa.

"Jamani, Cade hajapigwa hata mpira mmoja leo! Hata mmoja!"

Nadine alimvuta shati. Bibi mmoja wa safu ya nyuma alipiga kelele, "Funga bakuli lako, mshenzi wewe!" Russell aligeuka akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Verlon alikaa akiona raha.

Mpira uliofuata ulipigwa. Ulipigwa hasa, ukapaa juu kuelekea ukuta wa nyuma, na aliyekuwa akiukimbilia audake kabla haujagusa chini, mpigaji atolewe, alikuwa Tate.

*Udondoke*, Verlon aliomba. Aliomba kabla hajajizuia, akajisikia anaomba, na bado hakuacha.

Tate aliruka, akajibamiza ukutani, akaanguka chini na mpira mkononi. Jukwaa zima liliinuka. Watu walilia, walikumbatiana, walimwagiana bia. Tate alijizoa, akageuka, akanyanyua glavu.

Baba yake alikuwa amekaa. Kati ya watu wote wale, ni yeye peke yake aliyekaa, kofia imembana kichwani. Alipopata nguvu za kuinuka, Tate alikuwa ameshampa kisogo.

Pellerin walishinda, na mpaka mwisho hakuna aliyefika kituo kwa mpira wa Cade. Vijana walirundikana juu yake katikati ya uwanja. Baadaye Tate alikuja kwenye uzio, kiwiko kinavuja damu, akambusu mama yake.

"Baba, sauti yako niliisikia hadi kule," alisema. "Nikajua umeshatia nuksi, mpira lazima uje. Ndiyo maana nikarudi nyuma kidogo. Nisingerudi, nisingeufikia."

Verlon alicheka kwa shida. "Unaona sasa? Nimekusaidia."

"Nilinyanyua glavu."

"Niliiona, mwanangu."

"Ulikuwa umekaa."

"Mguu," Verlon alisema. "Mguu ulikufa ganzi ghafla."

Tate aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyowaitikia watu asiowajua. Russell alikuwa amekwisha kuruka uzio. Alimkumbatia Cade kwa mkono mmoja, wa pili akamtupia Tate mabegani, akambana kifuani. Verlon aliutazama mkono ule juu ya mabega ya mwanawe, na wivu alioujua miaka mitatu ukaonekana mchezo wa watoto.

"Verlon!" Russell aliita, machozi yanamtiririka. "Mwanao ametuokoa, bwana! Njoo tupige picha, akina baba na wana wao!"

Verlon alishika uzio kutaka kuuruka.

"Mwache, mzee Russ," Tate alisema taratibu. "Mguu unamuuma."