Nyasi za Kombe la Afrika

Serikali ilipotangaza kwamba Kombe la Afrika linakuja Afrika Mashariki, na kwamba hata kaunti za mbali zinaweza kupewa viwanja vya mazoezi, Lodwar ilipokea pesa kabla ya kupokea akili. Pesa zikajenga jukwaa la wageni mashuhuri lenye viti sitini vya kuzunguka. Zikajenga lango, na bango kubwa kuliko lango. Nyasi zilikuwa ukurasa wa arobaini na moja wa mpango. Mbegu zilikuja kwa ndege kutoka Nairobi, zikamwagwa mwezi wa pili, jua likazikaanga kama bisi na njiwa wakamalizia.

Aliyebaki na udongo mtupu ni Adome, mtunza uwanja. Jina hilo lilikuwa la heshima tu. Kwenye karatasi alikuwa kibarua, na huu ulikuwa mwaka wa tisa anaambiwa arudi kesho.

"Adome ndugu yangu," alisema Bwana Aregae, mkurugenzi wa michezo, akiwa ndani ya gari, kioo kimeshuka nusu ili ubaridi usitoke. "Mkaguzi anakuja mwezi wa tisa. Nyasi zikipita, nakupa barua ya ajira ya kudumu. Nasaini mimi mwenyewe."

"Na zisipopita?"

"Usilete mkosi."

Adome aliachia shule darasa la sita, lakini alijua jambo moja ambalo kamati ya maandalizi haikulijua: nyasi za kuishi kwenye jua hili hutafutwa kwenye jua hili. Akapanda basi la Kakuma. Kwenye kambi ya wakimbizi, pale mabomba yanapovuja mchana kutwa, ukoka ulikuwa umejitandika wenyewe, mzito kama blanketi. Bomba alilolifikia lilisimamiwa na Athieng, mama wa Kidinka mrefu kuliko mlango wa nyumba yake.

"Ejok, mama," Adome alisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Maji ni saa kumi."

"Sitaki maji. Nataka nyasi."

Athieng akachungulia nyuma yake, akitafuta mbuzi. Hakuwaona. "Ya nini?"

"Ya mpira. Kombe la Afrika."

"Mzee, hiyo kombe inakuja kwa bomba yangu?" Wanawake kwenye foleni walicheka mpaka mitungi ikaanguka. "Toa. Toa yote, hiyo nyasi inaficha nyoka. Lakini unachimba mwenyewe, na ukimaliza unasawazisha shimo. Sitaki mbu."

Alichimba siku tatu. Magunia kumi na manne yakarudi Lodwar juu ya lori la mkaa.

Kwa miezi sita aliupanda ukoka, akaumwagilia na kuulinda. Kulinda ndiko kulikokuwa kazi. Wachungaji walisimama nje ya ua na mifugo yao iliyokonda, wakamtazama kama mtu aliyepagawa.

"Adome, unalima malisho na unafukuza mbuzi. Sasa nani atakula?"

"Hailiwi. Inakanyagwa."

"Na nani?"

"Wachezaji."

Mchungaji aliutazama ukoka, kisha mbuzi wake. "Ukame umekuingia kichwani, ndugu yangu," akasema, na akaondoka kwa huzuni ya kweli.

Mkaguzi alikuja. Alikuwa mama mfupi kutoka Dodoma, mwenye viatu vya kukimbilia na Kiswahili kilichopigwa pasi. Vile viti sitini alivitazama kwa sekunde sita. Kisha akapiga magoti uwanjani, akachomeka fimbo ya chuma ardhini, akadondosha mpira na kupima unavyoruka, akavuta ukoka kwa nguvu zote. Haukung'oka.

"Nimekagua viwanja vingi safari hii," alisema. "Hapa pana nyasi. Kwingine pana rangi ya kijani. Mmezitoa wapi?"

"Nje ya nchi," Aregae alijibu haraka. "Oda maalumu. Gharama haikuwa ndogo."

Adome alikuwa hatua tatu kutoka hapo, ameshika mpira wa kumwagilia. Akaendelea kumwagilia. Barua yake ilikuwa kwenye kalamu ya mtu huyo.

Mkaguzi alisema atapiga picha za mwisho baada ya chakula. Wakubwa wakaenda kula Nawoitorong, kwenye nyumba ya wageni ya akina mama. Adome akatumwa mtoni na lori la maji.

Ndipo wazee walipofika na maksai. Kamati ilikuwa imewaalika kuja kuubariki ugeni, ila hakuna aliyewaeleza kwa namna gani, kwa sababu mzee wa Kiturkana haelezwi namna ya kupokea mgeni. Anachoma nyama. Wazee huketi nusu duara, kila mtu na rika lake, moto mbele yao, na kikao hicho huitwa akiriket. Walipoingia uwanjani wakaona, mbele ya goli la kaskazini, nusu duara nyeupe ya chokaa, safi, inawangoja.

"Safari hii serikali imetuheshimu," alisema Longor, mkubwa wao. "Hata mahali wametuchorea."

Nusu duara ilikuwa ndogo, lakini serikali haijawahi kutoa kitu kikatosha. Wakabanana. Moto wakauwasha pale palipokuwa na alama ya duara dogo la chokaa, la kupigia penalti, kwani ni wazi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Adome aliuona moshi akiwa bado barabarani. Alikimbia mpaka ukingoni mwa kikao, akasimama. Hakuna mwanamume anayepita kati ya wazee na moto wao.

"Baba," alimwambia Longor, "mnachoma nyasi yangu."

"Nyasi inaota. Mgeni anaondoka leo. Keti, kuna mbavu."

Mkaguzi alirudi na Aregae, ambaye alikuwa amebadilika rangi. Longor alikuwa ametandaza matumbo ya maksai juu ya majani, akiyasoma kwa kidole kutabiri yajayo.

"Naona mvua kidogo," alisema. "Magari mengi. Watu wanakuja, wanakula, wanaenda."

"Na mechi?" aliuliza mkaguzi.

"Mechi sioni. Lakini huyu ng'ombe hakuwa wa serikali. Huenda hakuambiwa."

Mkaguzi alikula ini, akawashukuru wazee kwa mikono miwili. Moto ulipozimwa akalipima jeraha: mita nne kwa tatu.

"Uwanja unapita," alisema, "mkipanda tena hapa kwa nyasi zile zile ndani ya wiki sita. Zikiwa za aina nyingine, haupiti. Bwana Mkurugenzi, hao wa nje wataweza?"

Aregae akakohoa. "Kuna taratibu za ununuzi. Labda mwaka ujao wa fedha."

"Basi nitaandika haufai."

Adome aliona miezi sita ikifungwa ndani ya faili. Akinyamaza, nyasi zimeanguka na barua nayo. Akisema, kalamu ya Aregae haitamsahau.

"Mama, hizo ni nyasi za Kakuma," alisema. "Nilichimba mwenyewe kando ya bomba la wakimbizi. Ukitaka, keshokutwa ziko hapa."

"Kwa bei gani?"

"Bure. Ila unasawazisha shimo."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu bila kumtazama mkurugenzi. Uwanja ukapita.

Jumatatu Adome alipata barua, ya kwanza maishani mwake yenye mhuri. Aliisoma mara mbili, kisha akaipeleka kwa Ashley, binti wa ofisi ya wafanyakazi, kwa sababu haikufanana na alichotegemea.

"Umefutwa," alisema Ashley. "Umefutwa kazi ya kudumu ya msimamizi wa uwanja, kwa kuruhusu moto kwenye mali ya umma."

"Kazi hiyo sijawahi kupewa."

"Ndiyo maana nacheka, mzee. Kibarua huambiwa tu asirudi kesho. Mkurugenzi alikuwa na hasira, akataka barua nzito. Sasa amesaini kwamba unayo kazi ya kudumu."

"Lakini nimefutwa."

"Mtu wa kudumu hafutwi kwa barua. Lazima kamati ya nidhamu ikae. Watu saba, posho, nauli, chai. Mpaka wakae, wewe ni mfanyakazi wetu."

"Watakaa lini?"

"Hakuna pesa. Fungu lote la vikao limehamishiwa kwenye maandalizi ya kombe."

"Na kombe likiisha?"

"Tutaomba lingine."

Adome aliikunja barua ya kufutwa kwake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Alifika uwanjani saa tano. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, kulikuwa na daftari la mahudhurio lenye jina lake, la kuandikia kwamba amechelewa.