Jikoni Nani Anachinja

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wale Wadachi sita kutoka Ujerumani walioshushwa na lori kijijini Kwedihungo, wilaya ya Handeni, mwezi wa saba mwaka 1973, hawakungoja siku ya tatu. Walikunywa maji, wakafuta vumbi usoni, wakauliza majembe yako wapi. Watu wakapiga makofi. Mzee Mdoe Mwinjuma, balozi wa nyumba kumi za upande wa kisimani, hakupiga. Mgeni anayekaa akasubiri kula, shida yake unaijua, ni njaa. Anayedai jembe kabla hajaonyeshwa pa kulala, huyo anatafuta nini?

Walisema wametumwa na kanisa lao kukaa wiki sita, kufanya kazi na kusali pamoja na watu. Kijiji cha ujamaa kilikuwa kinajenga zahanati kwa nguvu zake, nao wakajitia humo humo. Walifyatua matofali, wakabeba maji kichwani yakiwamwagikia, wakalala juu ya vitanda vya kamba kama kila mtu. Mkubwa wao alikuwa mchungaji mmoja mrefu aitwaye Folka, ambaye jua la Handeni lilimbabua pua mpaka ikawa kama nyanya. Pamoja naye alikuwako mkunga, dada Lota. Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo walifuatana na mwalimu Ernesti, mwinjilisti wa Kisambaa kutoka Bungu aliyesoma Kijerumani kwa wamisionari.

Mzee Mdoe alikuwa na sababu ya kuwatazama kwa jicho la pembeni. Marehemu baba yake alizikwa na makovu mgongoni, alama za viboko hamsa wa ishirini alivyotandikwa na Wadachi wa zamani, wakati reli inajengwa kutoka Tanga. Utotoni Mdoe alikuwa akimsugua baba yake mgongo mtoni, na vidole vyake vilikuwa vinaruka matuta yale kama mtu anayevuka mifereji. Mgongo ule hakuusahau. Sasa wajukuu wa wenye viboko wamerudi na majembe, wanatabasamu.

Wala asingehangaika sana, kama kijiji kisingempanga Zuena, kitinda mimba wake, kuwapikia wageni.

Zuena alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza darasa la saba. Wiki ya kwanza alianza kunawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni. Wiki ya pili akaanza kuimba puani wimbo ambao haukuwa wa ngoma wala wa kaswida. Wiki ya sita alirudi nyumbani na karatasi.

"Baba, dada Lota ameniombea nafasi Korogwe," alisema, akipiga goti. "Chuo cha wakunga. Miaka miwili. Barua ameshaandika, imebaki sahihi ya mzazi. Jumatatu lori likiwachukua, litachukua na fomu."

"Chuo cha nani?"

"Cha kanisa, baba. Lakini wanapokea wote."

Mzee Mdoe aliipokea fomu, akaisoma mwenyewe herufi kwa herufi. Kusoma alikupata ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, jioni baada ya jioni, na tangu hapo hakuna karatasi iliyopita mkononi mwake bila kusomwa. Wenzake wengi bado walikuwa wakipaka wino dole gumba. Yeye alikuwa na sahihi, tena ndefu. Hakuitia. Aliichomeka fomu darini, kwenye makuti.

"Itie, mume wangu," mkewe, Chausiku, alimwambia. "Mimi nimezaa tisa, nimezika wanne. Wawili kati ya hao wanne walikufa kwa sababu hapa hapakuwa na mtu wa kujua la kufanya. Unajua hivyo."

"Najua. Na ndoano haiendi majini bila chambo, hilo nalijua pia."

"Basi chunguza. Ukishachunguza, uamue. Usikae na karatasi ya mwenzio darini kama mwizi wa kuku."

Akachunguza. Kesho yake jua lilipoanza kuchomoza alikwenda kwenye jengo la zahanati, akasimama nyuma ya ukuta uliofika kifuani, akajifanya anakagua matofali. Upande wa pili Wadachi walikuwa wamefumba macho, wanaomba kwa lugha yao. Mzee Mdoe hakuelewa neno, mpaka aliposikia moja alilolielewa sana: Zuena. Baada ya kitambo, kwa mdomo wa mwingine, tena: Zuena.

Alimngoja Ernesti njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, jina la binti yangu linafanya nini kinywani mwa Wadachi alfajiri yote hii?"

Ernesti alicheka kidogo. "Wanamwombea, mzee wangu. Apate nafasi chuoni, na wewe moyo wako ulainike."

"Kumbe na mimi nimo! Nani aliwatuma?"

"Dua haina mpaka, mzee."

"Hata shamba lina mpaka, sembuse mtoto wa mtu. Msambaa wewe, ndizi za Bungu zimekupanda kichwani. Niambie neno moja tu. Wanataka kumbatiza?"

"Mtani, kama wangetaka kubatiza kwa nguvu, wangeanza na wewe. Wewe ndiye mwenye dhambi nyingi."

Mzee Mdoe alitaka kucheka, akajizuia. Mtu akikujibu kwa mzaha, alijiambia, jibu la kweli amelificha.

Jumamosi wageni waliandaa karamu ya kuaga. Walinunua mbuzi kwa Ledama, mfugaji wa Kimasai aliyekuwa akichunga nje kidogo ya kijiji na aliyebatizwa mwaka uliopita. Kijiji kizima kilialikwa, watu kama themanini. Mzee Mdoe alivaa kanzu, akachomoa fomu darini, akaitia mfukoni ikiwa tupu vile vile. Nia yake ilikuwa kumrudishia dada Lota mbele za watu. Ila kwanza alitaka kuiona ndoano kwa macho yake, na siku ya karamu ndiyo siku ambayo ndoano huonekana. Hivyo, wenzake walipokaa mikekani uwanjani, yeye alizunguka nyuma ya ua wa mabua uliozingira jiko, akajibanza vichakani.

Zuena alikuwa anarudi kisimani na ndoo. Alikuta nyama imekwisha katwa, imejaa sinia mbili, na Ledama anafuta sime yake kwa majani.

"Nani amechinja?" aliuliza kabla hata hajatua ndoo.

"Mimi," Ledama alisema kwa furaha. "Kazi safi. Hata tone moja la damu halikupotea."

Zuena alitua ndoo. Akakiinua kichwa cha mbuzi kwa pembe, akakigeuza. Koo lilikuwa zima. Ledama alimmaliza mbuzi kwa desturi ya kwao, kwa kumbana pua na mdomo mpaka pumzi ikakatika, ili damu ibaki ndani ya mnyama ipate kunywewa. Kwa Mwislamu, hicho kilikuwa kibudu, haramu kuliwa.

"Mwalimu Ernesti!" aliita. "Mwalimu, njoo uone!"

Ernesti akaja, akaona, akashika kichwa chake mwenyewe. "Ee Mungu wangu! Mimi niliwaambia kabisa, kuchinja waachieni wenyeji!"

Na kweli Folka alifuata alivyoambiwa. Ledama alizaliwa nyika hii, mbuzi alimleta yeye, sime anayo yeye. Mdachi angejuaje kwamba wenyeji wenyewe wana namna mbili za kuua mbuzi?

Ernesti alichungulia uwanjani, akaona watu wamekaa, watoto wanalamba midomo. Akateremsha sauti. "Zuena, mwanangu. Wiki sita za kazi, zisiharibike kwa shingo ya mbuzi. Nyama ikiingia kwenye sufuria hakuna atakayeuliza shingo. Kichwa kifukie. Dhambi ni ya aliyefanya, si ya aliyekula bila kujua."

Nyuma ya ua, mzee Mdoe alihisi damu inampanda. Ndoano ndiyo hii! Alikuwa na haki sasa kuuvunja ua ule na kupiga kelele. Lakini hakutoka. Kulikuwa na jambo moja alilotaka kulisikia kuliko yote, na hilo halikuwa la Ernesti wala la Wadachi. Akangoja. Wakati huo huo alianza kuhisi mwili unamchonyota, miguuni, shingoni, mgongoni. Alikuwa amesimama katikati ya upupu uliokauka. Akajikuna taratibu, asitikise majani.

Zuena alikiweka kichwa cha mbuzi chini. Barua yake ilikuwa kwa dada Lota, na dada Lota yuko hatua ishirini tu kutoka pale.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "baba yangu anakuja kula hapa. Mimi siwezi kumpakulia baba yangu kibudu halafu nikamwamkia shikamoo. Ukitaka kuipika, kuni zile pale, pika mwenyewe. Na barua yangu mwambie dada Lota aichane, nitabaki na mama yangu."

Folka aliingia jikoni akiuliza kuna nini. Ernesti alimweleza kwa Kijerumani, maneno mengi, macho chini. Mdachi akawa mwekundu, kisha akapauka. Alivua kofia, akatoka moja kwa moja mpaka katikati ya uwanja.

"Ndugu," alisema, "nyama hii hapana. Mbuzi hakuchinja Mwislamu. Mimi sikujua. Kosa ni yangu. Msikule. Samahani sana."

Ndipo mzee Kibwana, msemaji mkubwa wa kijiji, akasimama kwa kuegemea fimbo.

"Jamani! Mdachi amesema kosa ni lake! Baba zetu wangekuwa hai, hata wale waliochapwa wangecheka!"

Watu wakaangua kicheko. Ledama alitoka jikoni amefura. "Mnacheka nini nyie Wazigua? Damu, chakula cha wanaume, mnaimwaga chini kama maji ya kuoshea vyombo, halafu mimi ndiye nisiyejua kuchinja!"

"Nyamaza wewe," Kibwana alimjibu, "umemziba pua mbuzi wa watu kama unazima kibatari!"

Katikati ya vicheko hivyo mzee Mdoe alitokea upande usiotazamiwa, anajikuna kwa mikono miwili. "Kafungueni beberu wangu," aliagiza, "yule mweusi."

"Mabeberu wawili siku moja!" Kibwana alisema, akiwatupia Wadachi jicho, na vicheko vikaanza upya.

Mzee Mdoe alichinja mwenyewe, ameelekea kibla, na Folka akaomba kushika miguu ya nyuma. Aliishika sawasawa, akitazama kisu bila kupepesa. Vikawa vyungu viwili na mafiga ya namna mbili. Ledama na Wadachi walikula mbuzi wao, kijiji kikala beberu mgumu wa mzee Mdoe, na kila upande ulisifu wake.

Jioni Zuena alimpaka baba yake majivu ya kutuliza upupu mgongoni.

"Uliniona?" mzee Mdoe aliuliza ghafla.

"Nilikuona, baba. Ua ulikuwa unajikuna."

"Uliniona kabla hujamjibu Ernesti, au baada ya kumjibu?"

Zuena aliendelea kupaka. "Kabla," alisema. "Lakini ningejibu vile vile."

Mzee Mdoe alilipima jibu lile. Mwongo angesema baada. Lakini pia mwongo mwenye akili angejua kwamba mwongo angesema baada. Alilala nalo, akaamka nalo. Jumatatu lori likaja, Wadachi wakaaga wakilia na kukumbatia watu, na dada Lota akamwachia Zuena barua bila kuichana. Fomu ilibaki mfukoni mwa kanzu, tupu.

"Mtu mmoja mkweli hafanyi ukoo mzima kuwa mkweli," alimwambia Chausiku. "Folka anaondoka. Huko chuoni Folka hayuko. Nitaipeleka karatasi hii mwenyewe."

Ijumaa iliyofuata alipanda basi na binti yake. Walivuka daraja la mto Pangani, wakashuka Korogwe ya Zamani, wakauliza njia. Chuoni, Zuena alielekea mlango wa ofisi. Baba yake akamshika mkono, akazunguka naye nyuma, kufuata harufu ya maharage.

Jikoni alikuwako mama mnene amejifunga kitambaa kichwani.

"Hodi. Hapa jikoni nani anachinja?"

Mama yule alimwangalia juu mpaka chini. "Karibu kwanza, mzee! Watu wanaanza na ofisi, wewe unaanza na sufuria? Mimi ni Mwantumu. Anayechinja ni Hiza, wa msikiti ule ng'ambo ya reli. Miaka minane sasa."

"Mwiteni."

"Ametoka kuswali tu sasa hivi, anakula."

"Nitangoja."

Alingoja kwenye gogo, fomu gotini. Hiza alipokuja, mtu mfupi mwenye ndevu za mvi, mzee Mdoe alimwuliza alisoma Kurani chuo cha nani, anasema nini kabla ya kukata, anakata wapi. Kisha akaomba kisu. Akakijaribu kwa ukucha wa kidole gumba, akakigeuza kwenye jua, akakijaribu tena.

"Kinafaa," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye angependa kisingefaa.

Ndipo akaenda ofisini. Karani alimsogezea kidau cha wino wa dole gumba. Mzee Mdoe akakisukuma kando, akaomba kalamu, akaandika jina lake lote, la baba yake na la babu yake, polepole, bila kuruka herufi, karani akisubiri.

Zuena alilia kidogo. Mzee Mdoe hakumtazama. Alipita tena jikoni kabla ya kulifuata basi.

"Bwana Hiza," alisema, "nitakuja kumsalimu binti yangu. Siku sitasema."