Sweta ya Bibi Arusi

Mama mwenye binti wa kuozwa, kaa kitako usikilize. Haya yalitokea Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, katika nyumba ya mlango wa kijani, na yangeweza kutokea kwako.

Mwantum alimweka binti yake Saliha ndani siku arobaini kabla ya arusi, kama yeye mwenyewe alivyowekwa na mama yake. Msichana haoni jua, haonwi na wanaume. Kazi yake kusingwa, kulala na kula: uji wa maziwa na samli asubuhi, wali mchana, jioni maziwa tena. Bibi arusi akitoka mwembamba, watu husema kwao hakuna sufuria.

Saliha akanenepa. Uso ulijaa, kope zikavimba. Alikuwa msichana wa maneno mengi. Sasa alisema polepole, kwa sauti nzito kama ya mwenye mafua, na kutwa alikuwa usingizini. Mwantum akamshukuru Mungu. Hata lile la sweta hakulitilia maanani. Joto la Bujumbura linajulikana, lakini Saliha alivaa sweta ya sufu na soksi, akisema, "Mama, iko baridi."

"Ni woga wa arusi," Mwantum alimjibu.

Mama Faridi, mama wa bwana arusi, alikuja kumtazama, akamfinya shavu. "Ee, Mama Saliha, we umepika! Faridi atafute kitanda cha chuma."

Wanawake wakacheka. Saliha naye alicheka, ila kicheko chake kilichelewa, wenzake walipokuwa wamekwisha kunyamaza. Mwantum aliliona hilo. Akaliacha lipite.

Zilipobaki siku tano, akaja Sumaya, fundi wa hina. Aliushika mkono wa Saliha, akaugeuza. Ulikuwa wa baridi, ngozi imekauka inabanduka kama ganda la kitunguu. Akamfungua nywele, na shungi zima likabaki kwenye kitana. Sumaya akaweka bakuli chini.

"Mama Saliha, huyu mutoto anaenda choo?"

"We umekuja kupaka ao kuchunguza?"

"Nijibu."

"Kila siku nne, tano. Ni samli ile."

"Apana, si samli. Ona nyusi, kule mwisho zimekwisha. Dada yangu wa Kigobe alikuwa hivi hivi. Sisi tulisema amenona, bwana yake alisema muvivu. Tulimufikisha lopitali hajitambui. Hakurudi."

"Unaniletea mukosi mu nyumba ya arusi!"

"Mi nimeleta hina. Mukosi nimeukuta."

Mwantum akamtoa nje na bakuli zake. Kisha akapeleka uji chumbani, akaita jina la binti yake mara moja, mara mbili. Mara ya tatu Saliha akafumbua macho.

"Saliha, mwanangu, nani anakuoa?"

"Ngoja nikumbuke," akasema.

Uji ukamwagika mkekani. Mwantum aliweka kiganja kifuani pa mwanawe. Moyo ulipiga mara moja, ukakaa, ukapiga tena, kama mgeni anayebisha hodi huku anataka kuondoka. Akafikiria barabara iliyojaa watu, na ulimi wa Mama Faridi. Akamfungia Saliha mtandio juu ya sweta yake, akafungua ule mlango wa kijani saa saba mchana.

"Bibi arusi anatoka na jua?" jirani akapaza sauti.

"Anatoka na mama yake," Mwantum akajibu, akaita teksi.

Hospitalini daktari Amélie alipapasa shingo, akachukua damu, na mara akaanza kumtibu. Majibu yalipotoka, akamketisha Mwantum.

"Mama, hapa shingoni kuna tezi ndogo, inaitwa tiroidi. Ndiyo jiko la mwili. Moto ukizidi, mtu hukonda, hutoka jasho, moyo hukimbia, mikono hutetemeka. Moto wa binti yako umefifia, ndiyo hiyo baridi, uvimbe na usingizi. Alianza lini kusinzia?"

Mwantum akahesabu. Tangu Ramadhani. Kabla ya maziwa, kabla ya samli. Alikuwa ameshona khanga za arusi kando ya mgonjwa, akiimba.

"Atakunywa kinini, kidonge hiki kidogo, kila asubuhi kabla ya kula," daktari akasema, "maisha yake yote. Asiache hata akijisikia muzima. Mungengoja hiyo arusi, sijui."

Kesho yake Mama Faridi akaja, hakukaa. "Mutu wa kinini kila siku ataniletea wajukuu?"

"Muulize daktari, atakujibu. Arusi itangoja. Sitakuletea mutoto asiyejua anaolewa na nani."

Mama Faridi akaondoka bila kuaga. Mahari hayajarudishwa, wala tarehe mpya haijatajwa. Faridi hupiga simu; mama yake hapigi.

Wiki ya sita ya kinini, Saliha alikuwa uani akichambua maharagwe. Akapangusa shingo. "Mama, iko joto," akasema, akaivua ile sweta.

Mwantum akaipokea, akaingia nayo ndani, akalia peke yake mpaka ikalowa.

Siku hizi wanawake bado huja kumuuliza bibi arusi apewe samli kiasi gani. Mwantum huwaambia warudi kwanza nyumbani, wakamshike binti mikono.