Darasa la Bandani

Shule zilipofungwa mwaka ule wa korona, Jenoveva alidhani watoto wangekaa nyumbani juma moja hivi, kisha warudi. Hakusikitika sana. Masika yalikuwa yameshika kasi huku Malindi ya milima ya Lushoto, magugu yanaota kuliko karoti zenyewe, na mikono ya ziada shambani haina mtu wa kuikataa. Happiness alikuwa darasa la saba, Alen la pili. Akawapa kila mmoja jembe lake, mambo yakaanza kwenda.

Raha yenyewe haikudumu. Juma halijaisha, Mwalimu Mwanaidi, aliyekuwa akimfundisha Happiness, akaunda grupu la wasapu la wazazi wa darasa la saba. Mtihani wa mwisho uko palepale, alisema, korona iwepo isiwepo. Kila asubuhi atatuma somo kwa sauti, pamoja na picha za alichoandika ubaoni, na watoto nao wajibu kwa sauti ili ajue nani anasoma na nani amelala.

Nyumbani kwa Jenoveva simu ya kupokea mambo hayo ilikuwa moja tu, ya mumewe, Hezekia. Yeye mwenyewe alikuwa na kitochi cha kupiga na kupokea, basi. Hezekia alilima karoti na kabichi na kuzipeleka sokoni Lushoto, na simu ile hakuiacha hata akienda chooni.

"Sasa mimi nitauzaje karoti bila simu?" aliuliza jioni ile, kabla hata ya kumaliza ugali wake.

"Chukua kitochi changu."

"Wateja wanataka picha, Mama Happi. Mtu hanunui karoti ambayo hajaiona."

"Karoti ni karoti, Baba Happi. Nani hajui karoti ilivyo?"

Happiness, aliyekuwa akimenya viazi pembeni, alijizuia kucheka mpaka kisu kikamponyoka. Hezekia akamtazama binti yake, akaitazama simu, akaguna. Kesho yake asubuhi aliondoka na kitochi mfukoni, uso umemshuka kama mtu aliyevuliwa kofia mbele za watu.

Simu ikapatikana, sasa ikawa kazi kupata mtandao. Sebuleni hakuna. Chini ya mpeasi unakuja na kuondoka. Happiness alizunguka nyumba nzima akiwa ameinua simu juu, mdogo wake nyuma, mpaka wakaingia kwenye banda la ng'ombe, na humo, kwenye kona ya karibu na hori, jumbe zikaanza kuingia mfululizo. Hapo ndipo darasa likawekwa. Jenoveva alifagia, akatandika majani makavu, akaleta kigoda na kipande cha ubao cha kuandikia. Alen hakuwa na somo lake, lakini alikataa kuachwa nje, kwa hiyo naye akasoma darasa la saba.

Mwenye banda alikuwa Chausiku, mtamba mweusi mwenye mimba yake ya kwanza. Aliwapokea wageni wake kwa utulivu, akaendelea kucheua.

"Hamjambo wanafunzi wangu?" sauti ya Mwalimu Mwanaidi ikatoka kwenye simu asubuhi ya kwanza.

Jenoveva, aliyekuwa anapita na ndoo, akasimama mlangoni. "Mwalimu anawasalimu, mnamtumbulia macho tu?"

"Mama, hii imerekodiwa," Happiness akasema. "Mwalimu hatusikii."

"Hata kama. Mtu mzima ni mtu mzima. Msalimieni."

Basi Happiness akabonyeza pa kurekodia, yeye na Alen wakasema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu!" Na Chausiku, sijui alifikiri anaitiwa malisho, naye akanyanyua kichwa akalia mlio mrefu uliojaza banda zima. Kidole cha Happiness kilikwisha kuachia. Sauti ikaenda hivyohivyo, ng'ombe na wote.

Grupu zima likaangua kicheko. Baada ya muda mwalimu akajibu, naye sauti yake inacheka: "Marahaba. Na huyo mwanafunzi mgeni anaitwa nani?"

Tangu siku hiyo, kila mwalimu alipoita mahudhurio, jina la Chausiku lilikuwa la mwisho. Akikaa kimya, watoto wa nyumba nyingine waliuliza kama anaumwa.

Jenoveva alizoea kuwasikiliza wazazi wenzake wakiongea kwenye lile grupu. Kuna waliolalamikia bando, kuna waliotuma dua na mistari ya Biblia, kuna baba mmoja aliyefanya hesabu za mwanawe akakosa zote. Yeye hakutia neno. Si kwamba hakuwa nalo. Nyumbani kwake walizungumza Kishambaa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri tu akiwa na watu anaowajua; ila akijua watu wengi wanamsikiliza, maneno yalimpotea, Kishambaa kikajipenyeza katikati, akajisikia anavuja jasho. Mwalimu akiuliza jambo, alimwambia Happiness, "Mwandikie: sawa mwalimu, asante." Yakawa majibu yake ya kila siku.

Ikafika Ramadhani, mvua bado hazijapumzika. Asubuhi moja ukungu ulikuwa umekaa mpaka mlangoni. Hezekia alikuwa ameondoka alfajiri na Fuso ya jirani, amepakia karoti zake. Jenoveva alikuwa jikoni akichochea moto aliposikia Happiness akisoma jibu lake la sayansi, habari za mmeng'enyo wa chakula, kwa sauti ya kishule. Halafu sauti ikakatika.

"Mama! Mama, njoo! Chausiku anatoa mguu!"

Jenoveva alikimbia na mwiko mkononi. Kweli. Chausiku alikuwa amelala ubavu kwenye majani, anahema kwa nguvu, na nyuma yake kwato moja ndogo, nyeupe kwa chini, imechungulia. Moja tu. Jenoveva alikuwa ameona ng'ombe wakizaa kwa baba yake, alijua zinatakiwa kwato mbili na pua juu yake. Alisubiri. Chausiku akasukuma, akakoroma, akasukuma tena. Kwato ikabaki ileile moja.

Akapiga kitochi cha mumewe. Hakipatikani. Akapiga tena. Hakipatikani.

"Mama, baba yake Samweli ni bwana mifugo," Happiness akasema. "Yuko kwenye grupu."

"Mwandikie."

"Sijui niandike nini, Mama. Siwezi."

Chausiku alitoa mlio ambao Jenoveva hakuwahi kuusikia. Akautupa mwiko kule, akapokonya simu, akabonyeza pale alipokuwa akimwona binti yake anabonyeza kila siku, akaanza kusema. Alisema kwa Kiswahili, akasema kwa Kishambaa, akarudi kwenye Kiswahili, akamtaja Mungu, akataja kwato, akauliza kama kuna mtu hapo au wote wamelala. Akaachia kidole. Sauti ikaenda kwa wazazi wote wa darasa la saba.

Jibu halikukawia. Kwanza simu iliita: Rubeni, bwana mifugo mwenyewe. "Mama Happi, mimi niko V—" ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Ndipo akatuma sauti kwenye grupu, maana jumbe za sauti zilipita vizuri.

"Mama Happi, niko Vuga, barabara ni tope tupu, sitawahi. Lakini tulia, hili tunaliweza. Mguu mmoja umejikunja ndani. Nawa mikono mpaka kwenye kiwiko, kwa sabuni. Jipake mafuta ya kupikia, mengi. Halafu uniambie."

Jenoveva alinawa. Alen alileta chupa ya mafuta akikimbia, akamwaga nusu njiani. Wakati huohuo mtu akaingia bandani bila hodi, kanga imelowa umande, anahema: Hawa, jirani wa shamba la bondeni. Naye alikuwa na mtoto darasa la saba.

"Nimekusikia kwenye simu," Hawa akasema. "Nimekimbia kilima chote na saumu yangu. Nishike wapi?"

"Kichwa. Mshike kichwa, umbembeleze."

Sauti nyingine ya Rubeni ikaingia, Happiness akaifungulia kwa sauti ya juu kabisa. "Subiri asiposukuma. Akipumzika, msukume ndama arudi ndani kidogo, polepole. Tafuta goti, lifuate mpaka chini. Ukiipata kwato, ifunike kwa kiganja chako isimchane mama yake, kisha ivute ije mbele. Usishindane naye. Akisukuma, wewe tulia."

Jenoveva alipiga magoti kwenye majani. Ndani palikuwa na joto, na utelezi, na nguvu ya ajabu iliyombana mkono mpaka machozi yakamtoka. Aligusa kitu, akakipoteza, akakigusa tena.

"Umeshika?" Rubeni akauliza. "Mama Happi, umeshika? Mama Happi!"

Happiness akamsogezea simu mdomoni. "Bado!" Jenoveva akafoka. "Unadhani natafuta sindano? Acha kunipigia kelele!"

Hawa, pamoja na wasiwasi wote ule, akacheka. Jenoveva naye akataka kucheka, na mkono wake ulipolegea kidogo kwa kicheko hicho, vidole vikateleza mbele na kukutana na kitu kigumu, kidogo, laini kwenye ncha. Akakifunika kwa kiganja. Akavuta polepole, huku akimsemesha Chausiku kwa Kishambaa kama anavyosemeshwa mtoto mgonjwa. Kwato ya pili ikatoka, ikakaa sambamba na mwenzake.

"Ziko mbili!" Alen akapiga kelele ya kusikika mpaka barabarani. "Mwalimu, ziko mbili!"

Baada ya hapo Chausiku hakuhitaji kufundishwa. Walimsaidia kuvuta kila aliposukuma, Jenoveva na Hawa, mguu huu na mguu huu, kuelekea chini kama Rubeni alivyosema, na pua ikatokea, na kichwa, kisha mwili wote ukateleza kwa mpigo mmoja, Jenoveva akaanguka chali na ndama juu ya mapaja yake. Alikuwa jike, mweusi kama mama yake, na doa jeupe kwenye paji la uso. Hakupumua. Jenoveva akamfuta pua na mdomo, Hawa akamsugua mbavu kwa majani makavu, akasugua, akasugua. Ndama akapiga chafya.

Happiness alikuwa amekwisha kurekodi chafya hiyo. Ikaenda kwenye grupu peke yake, bila neno, na vifijo vilivyorudi vilifanya simu itetemeke kwenye ubao mpaka ikaanguka.

"Wanafunzi," Mwalimu Mwanaidi akasema baadaye, na ilisikika kama amelia kidogo, "mmeng'enyo wa chakula tutauendeleza kesho. Leo kila mmoja ataniandikia alichosikia. Mama Happiness, hongea sana." Hilo la mwisho alilisema kwa Kishambaa, shukrani ya nyumbani kabisa, na Jenoveva akajikuta anajibu mwenyewe, kwa sauti yake, bila kumwomba mtu amwandikie.

Aliyekuwa hajui lolote duniani alikuwa mwenye ng'ombe. Kitochi kilikuwa kimezimika chaji, na Hezekia alikuwa sokoni Lushoto akipanga karoti zake, akashangaa wauza nyanya wanampa mkono.

"Hongera, mzee! Jike, au siyo?"

"Jike gani?"

"Na mkeo hodari! Kamfokea bwana mifugo vile!"

Hezekia alidhani wamemchanganya na mtu mwingine, mpaka mama mmoja muuza hoho alipomwekea sauti ya mke wake mwenyewe, iliyokwisha kusambazwa kutoka kwenye grupu, Kishambaa na Kiswahili vimegongana. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akawauzia madalali karoti zilizobaki bila kubishana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapanda gari la kurudi nyumbani.

Alipofika alikwenda moja kwa moja bandani. Ndama alikuwa amesimama kwa miguu yake minne isiyoelewana, ananyonya. Hezekia alimtazama sana, kisha akageuka kumtazama mkewe.

"Unadhani natafuta sindano?" akasema, akimwigiza.

"Baba Happi, nyamaza."

"Nataka kuzisikia zote. Tangu ya kwanza."

Akakaa kwenye kigoda cha wanafunzi, Happiness akamwekea moja baada ya nyingine. Pale mkewe alipofoka aliomba irudiwe, na iliporudiwa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa shati, na Jenoveva aliyekuwa akijifanya amekasirika akashindwa.

Jina la ndama lilipigiwa kura na darasa zima. Kulikuwa na Korona, likakataliwa na wazazi. Kulikuwa na Masika. Likashinda Bando, kwa sababu, watoto walisema, lisingekuwa bando Chausiku angekufa. Maziwa ya siku za mwanzo aliyamaliza Bando mwenyewe. Yalipotulia, Jenoveva alimpelekea Hawa chupa moja kila alasiri kwa ajili ya uji wa kufuturu, na mara nyingi alikaa huko mpaka wakafuturu wote. Na Rubeni, aliporudi kutoka Vuga, alikuja kumkagua mgonjwa wake, akaulizwa mlangoni kama amekuja kupiga kelele.

Shule zikafunguliwa mwishoni mwa Juni. Asubuhi hiyo nyumba ilikuwa kimya hata Jenoveva akawa anajisemesha. Hezekia alirudishiwa simu yake. Alen alilia kidogo aliporudishwa darasa la pili, maana alijiona amekwisha kulipita.

Alasiri, Jenoveva akiwa anaanua nguo, akasikia vishindo na vicheko vikipanda kilima. Happiness alikuwa mbele, na nyuma yake sketi za buluu na kaptula za kaki, karibu darasa zima, viatu vimejaa vumbi.

"Mama, wamekuja kumwona Bando. Wanasema wamemsikia tu, hawajamwona."

"Onga mshi," Jenoveva akawasalimu watoto kwa Kishambaa, akiwa ameweka mikono kiunoni.

"Shikamoo, Mama Happi!" wakaitikia wote kwa pamoja.

"Marahaba. Bandani mnaingia wachache wachache, na hakuna kuvuta mkia." Akawahesabu kwa macho, akaona hawahesabiki, akaingia jikoni kutafuta sufuria kubwa. Viazi vilikuwapo vya kutosha.